Msimtwishe Mzazi Mzigo Wote



Ukienda kliniki siku hizi utakuta karatasi imebandikwa ukutani, inakuonya usitumie dawa za kuua bakteria, yaani antibiotiki, bila kuandikiwa na daktari, na ukiandikiwa uzitumie kama ulivyoagizwa. Onyo hilo ni la haki, wala hatulipingi. Lakini tumelisoma mara nyingi tukingoja zamu yetu kwenye benchi, na tunaona kwamba aliyeliandika amesema na mtu mmoja tu. Amesema na mzazi. Hakusema na mwenye hospitali, hakusema na mwenye kuleta maji, na tajiri hakumgusa kabisa. Kwa hivyo mtoto akifa kwa ugonjwa uliokataa dawa, macho yote yanamgeukia mama yake, kana kwamba ni yeye aliyeharibu dawa za dunia nzima.

Sisi tunasema jambo hili ni la chama, kama vile mshahara na nyumba zilivyo mambo ya chama, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa maana wako wenzetu wanaodhani kwamba mwili wa mtoto ndio uliozoea dawa. Sivyo. Mwili haukuzoea kitu. Kilichobadilika ni kijidudu. Bakteria ni vijidudu vidogo mno, na vingine vikipata chakula na joto huongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Katika wingi huo, vichache hutokea vikiwa na kinga yao. Vingine hutoa kitu cha kukata dawa kama mkasi unavyokata uzi. Vingine huisukuma dawa nje kama pampu. Dawa ikiingia huua vilivyo dhaifu, na vyenye kinga hubaki, nafasi yote ikawa yao. Tena kuna jambo baya zaidi: vijidudu hivi hupeana siri. Kimoja kinaweza kukipa jirani yake, hata wa kabila lingine, kipande kidogo cha urithi wake, na jirani naye akajua kuikata dawa. Ni kama fundi wa karakana amfundishe kijana wa gengi jinsi ya kufungua kufuli bila ufunguo, na kijana yule aende kuwafundisha wenzake wa stesheni zote za njiani mpaka Kisumu. Kufuli ni zile zile, lakini hazina kazi tena.

Mambo haya tulionywa mapema. Alexander Fleming, Mskochi aliyeigundua penisilini mwaka 1928, aliyasema mwenyewe mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain. Alitoa mfano wa mtu mwenye koo linalouma anayejinunulia penisilini kidogo, isiyotosha kuviua vijidudu ila inatosha kuvifundisha. Mtu yule anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, penisilini inashindwa, na mke anakufa. Lawama ikawa ya mume. Mfano huu umerudiwa sana na mabwana wa afya. Sisi tuna maneno mawili juu yake. La kwanza, vile vijidudu vya koo, kwa bahati, mpaka leo bado vinauawa na penisilini. Vilivyojifunza kuikataa ni vingine. La pili, Fleming hakutuambia mtu yule alikuwa akilipwa mshahara gani, wala kama tajiri wake angempa ruhusa ya kwenda kwa daktari.

Sasa hesabu. Mwaka 2022 jarida la madaktari liitwalo Lancet lilitoa hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2019. Watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu bakteria walizishinda dawa, na katika kila 5 waliokufa hivyo, 1 alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Sehemu ya dunia iliyoumia kuliko zote ilikuwa Afrika kusini ya Sahara, hasa upande wa magharibi. Ni makadirio, kwa kuwa hospitali nyingi za kwetu hazina maabara ya kupimia jambo hili, lakini hata ukiikata hesabu hiyo nusu bado ni makaburi mengi.

Na kwetu Kenya tunayo hesabu ya karibu zaidi. Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI na wenzao walianza mwaka 1998 kupima damu ya watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya. Waliyoyaona katika miaka 4 yalitangazwa mwaka 2005. Watoto zaidi ya 1,000 walikutwa na bakteria ndani ya damu, na zaidi ya robo yao walikufa. Katika hao waliokufa, theluthi moja walikufa siku ile ile ya kuletwa hospitalini. Tunawaomba mkumbuke neno hilo, siku ile ile, kwa maana tutalirudia tukifika kwenye habari za ruhusa ya kazi.

Tuanze na watoto wachanga, kwa sababu hapo ndipo lawama ya mzazi inapokwisha nguvu kabisa. Mtoto mchanga akishikwa na bakteria damuni, dawa za kwanza ni sindano mbili za zamani, penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini. Zimeokoa watoto wengi sana na bei yake si ya kutisha. Zikishindwa huja seftriaksoni na ndugu zake. Hao nao wakishindwa, inatafutwa meropenemu, ambayo hutiwa kwenye mshipa mara 2 au 3 kila siku, na bei yake humtia mtu madeni. Ukipita hapo umekaribia mwisho wa reli. Dawa zilizobaki ni chache, na zilizojaribiwa vizuri kwa watoto wachanga ni chache zaidi.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 watafiti waliwafuata watoto wachanga 3,204 wenye dalili za ugonjwa huu katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwamo. Zaidi ya mtoto 1 katika kila 10 alikufa. Kijidudu kilichopatikana mara nyingi kuliko vingine kinaitwa klebsiela, nacho ni hodari wa kukata dawa. Madaktari wa hospitali hizo walikuwa wametumia michanganyiko ya dawa zaidi ya 200 iliyo mbalimbali. Hiyo ndiyo dalili ya watu wanaopapasa gizani wakitafuta mlango.

Klebsiela anakaa wapi? Hukaa tumboni mwa watu bila kuwadhuru, lakini katika wodi hukaa kwenye masinki, kwenye mirija, kwenye vyombo vinavyotumiwa kwa mtoto huyu kisha yule, na juu ya mikono isiyopata maji na sabuni. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye ngozi laini na mirija mwilini, hana ngome.

Mwenzetu mmoja wa gengi alipata mtoto wa miezi 7. Mtoto aliwekwa katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja ambayo hatuitaji. Kitanda kimoja kilikuwa na watoto watatu, na nesi mmoja alikuwa akizunguka chumba kizima usiku kucha. Siku ya tano mtoto akakataa maziwa, mwili ukawa baridi. Akapewa sindano zile mbili za kwanza. Siku ya saba zikabadilishwa. Maabara ya hospitali haikuwa na chupa za kupimia damu, kwa hivyo baba akatumwa na damu ya mwanawe mjini, kwa matatu, kuipeleka kwa maabara ya kulipia. Jibu lilikuja likisema dawa inayofaa ni ile ya bei kubwa, nayo haikuwa katika duka la hospitali. Akakopa kwenye Sacco, akainunua nje. Mtoto alipata sindano mbili za dawa hiyo, akafa siku ya kumi. Alipokwenda kuchukua karatasi za mazishi, karani akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kama mtoto alikuwa akipewa dawa za kemisti nyumbani. Mtoto yule hakuwahi kufika nyumbani. Tangu kuzaliwa hakutoka katika chumba kile.

Hiyo ndiyo sababu tunaandika. Swali la karani yule halikutoka kwake; lilitoka kwenye karatasi ya ukutani.

Wala msidhani tunawalaumu manesi. Hao ni wafanyakazi kama sisi. Mwaka 2017 manesi wa Kenya walikaa katika mgomo karibu miezi 5, na watu wengi waliwaona kama wasio na huruma. Lakini nesi mmoja akiachiwa watoto wengi kupita kiasi, hata akiwa na moyo wa malaika, hataweza kunawa mikono kila anapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Hesabu ya dakika haimruhusu. Sisi wa reli tunaelewa vizuri: ukipunguza watu wa gengi nusu na urefu wa njia ukabaki ule ule, misumari italegea, na gari likianguka utasikia wamemkamata mtu wa gengi. Manesi wanapodai waajiriwe zaidi, wanadai pia uhai wa watoto wetu, na chama chetu hakina budi kusimama nao waziwazi.

Sasa tuje kwa mzazi mwenyewe na duka la dawa.

Ni kweli kwamba watu wengi hununua kapsuli bila karatasi ya daktari, na sheria haikubali ziuzwe hivyo. Ni kweli pia kwamba mara nyingi kapsuli hizo hazina faida yoyote kwa mtoto. Mafua ya kawaida na sehemu kubwa ya kikohozi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata ukimpa mtoto gunia. Kuhara kwingi kwa maji maji kunataka maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki. Kumpa mtoto wa mafua kapsuli ni kuvifundisha bure vijidudu vingine vilivyo tumboni mwake. Tunawaambia wenzetu jambo hili bila kificho, na mwenye kemisti anayeuza tembe nne nne kwa sababu mteja ana shilingi 50 anajua vizuri anachofanya.

Lakini tuulize pia kwa nini mtu anafika pale kwa kemisti saa 3 za usiku. Anafika kwa sababu ametoka kazini saa 2. Kliniki ya serikali ilifungwa jioni. Kesho asubuhi akienda huko na mtoto atakaa kwenye foleni mpaka mchana, na kama ni kibarua wa kutwa, siku hiyo hana mshahara, na labda kesho kutwa hana kazi. Kama ni mwenye kuajiriwa, ataomba ruhusa kwa msimamizi, na msimamizi atamwuliza: wewe ndiwe mgonjwa? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyekwisha kutumika miezi 2 mfululizo siku zisizopungua 7 za mshahara kamili akiwa mgonjwa, kisha siku 7 za nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Ni yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Mtoto wake hatajwi katika kifungu hicho. Kwa hiyo mzazi anapima mambo mawili: siku nzima ya mshahara kwa upande mmoja, na tembe chache za shilingi 50 kwa upande mwingine. Mtu akichagua tembe msimwite mjinga. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa fedha alizo nazo.

Hapa ndipo tunarudi kwa wale watoto wa Kilifi waliokufa siku ile ile ya kufika. Nyuma ya mtoto anayeletwa akiwa amechoka kabisa kuna siku mbili au tatu za kungoja. Walingoja mshahara, walingoja ruhusa, walingoja nauli. Tembe za kemisti ndizo zilizokuwa dawa ya kungojea. Na bakteria hawangoji, maana tumesema dakika 20 zinatosha.

Na kuna shida nyingine ambayo karatasi ya ukutani haiitaji. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba katika nchi maskini na za wastani, dawa 1 katika kila 10 ni hafifu au ni ya uongo. Mzazi aliyenunua dozi nzima, akampa mtoto kwa saa zake na asiruke hata mara moja, anaweza kuwa amempa nusu ya nguvu inayotakiwa. Kazi ya kukagua maduka na maghala ni ya serikali, haiwezi kufanywa na mama mwenye chupa mkononi.

Katika mambo ya maji tunaweza kusema kwa kirefu, kwa sababu chama cha wafanyakazi kilizaliwa katika ugomvi wa nyumba na mishahara. Wazee wetu waliogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947, watu wa bandari na wa reli pamoja, walikuwa wakilalamika juu ya gharama za maisha na mahali pa kulala. Hawakujua habari za klebsiela, lakini walijua kwamba watu wengi wakitumia bomba moja na choo kimoja watoto huugua. Taifodi ni ushahidi. Ugonjwa huu hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na vinyesi, na Nairobi umeonekana sana katika mitaa kama Kibera na Mukuru, hasa kwa watoto. Dawa za zamani, yaani kloramfenikoli, ampisilini na Septrin, zilikwisha kushindwa na aina nyingi za taifodi ya Nairobi miaka mingi iliyopita, madaktari wakahamia nyingine. Huko Pakistan, katika mkoa wa Sindh, kulizuka mwaka 2016 taifodi iliyokataa karibu dawa zote za kawaida, hata seftriaksoni, ikabaki azithromaisini kwa tembe na meropenemu kwa sindano. Wenye maji safi hawakuhitaji kujua majina hayo. Pale ambapo bomba la maji limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, na mtungi wa maji unanunuliwa kwa fedha, utamwambiaje mama anawe mikono mara 10 kwa siku? Atanawa na kile alichobakiza baada ya kupika.

Iko nguvu moja tuliyo nayo ambayo haitaki foleni ndefu wala fedha nyingi, nayo ni chanjo. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, na kijidudu hakipati shule ya kusomea. Chanjo ya Hib, inayozuia nimonia na homa ya uti wa mgongo, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2001, na baada ya miaka michache ugonjwa huo ulipungua sana Kilifi. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokoka, na huko Kilifi aina za kijidudu hicho zilizomo ndani ya chanjo zilipungua katika damu ya watoto wa chini ya miaka 5 kwa 92 katika kila 100. Mwezi wa Julai 2025 serikali ilianza chanjo ya taifodi kwa watoto wa miezi 9 mpaka miaka 14. Tunasikia wenzetu wengine wakisema mengi juu ya chanjo hiyo katika vibanda vya chai. Tunawaomba: kabla ya kukataa, mwulize mtu ambaye mtoto wake alitobolewa utumbo na taifodi.

Habari ya kuku tutaitaja kwa ufupi, ingawa ina wenyewe. Wanachama wetu wengi wanafuga, hasa wake zetu, na vifaranga hutiliwa tetrasaiklini katika maji kila siku ili wasife. Kuku asiye mgonjwa hahitaji dawa. Atakayefuga bila usafi na akaziba pengo hilo kwa dawa, vijidudu vya kibanda chake vitafika mezani.

Tena kuna jambo moja ambalo mfanyakazi wa reli anaweza kulifanya nyumbani kwake usiku huu, kwa sababu reli ilitufundisha kutazama saa. Mtoto akiwa na kikohozi, mwinue shati akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili, wala si nusu dakika. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60, wa miezi 2 mpaka chini ya mwaka 1 akifika 50, wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, hiyo ni dalili ya nimonia na apelekwe hospitali. Ukiona kifua chini ya mbavu kinaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea hata haamki vizuri, usimpitishe kwa kemisti. Mchanga wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, au akiwa baridi, au akikataa ziwa, ni hospitali, hata kama ni saa 8 za usiku. Na yule wa mafua tu, anayecheza na kula, mpe maji, mnyonyeshe, mwache apone. Nimonia ya kawaida bado hupona kwa amoksisilini, dawa ya bei ndogo, ikitolewa mapema na kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Wako watoto wengi wanaokufa kwa kukosa dawa hiyo ndogo kabla ya kufika kwenye dawa kubwa zilizoshindwa, na anayehubiri juu ya moja asisahau nyingine.

Basi chama kifanye nini? Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya mpya iliyochukua mahali pa NHIF. Fedha hiyo hutoka kabla hatujaiona. Kwa hivyo tuna haki ya kuuliza kama hospitali za kaunti zetu zina chupa za kupimia damu, kama maabara inafanya kazi usiku, na kama dawa iliyoandikwa na daktari inapatikana dirishani au baba anatumwa nje kuitafuta. Bila kupima damu, daktari hupapasa, na kupapasa ndiko kunakokula dawa za mwisho. Katika majadiliano ya mkataba na tajiri, tunataka kifungu cha ruhusa yenye mshahara kwa mzazi wa mtoto mgonjwa, siku chache tu kwa mwaka, mama na baba sawasawa, na vibarua wasiachwe nje. Tajiri atasema ni gharama. Sisi tutamwuliza yeye mwanawe akiugua anakwenda saa ngapi. Kifungu cha 34 cha sheria ile ile kinamtaka tajiri awape wafanyakazi wake dawa zinazofaa wakati wa ugonjwa. Tunataka sabuni, maji na mganga wa zamu katika nyumba za wafanyakazi viingizwe katika neno hilo, hata kama mwanasheria wake atasema halikuandikwa hivyo.

Tumeambiwa na baadhi ya wazee wa tawi kwamba mambo ya wodi na maabara ni ya madaktari, na chama kisijitie mahali kisipoalikwa. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mwenzetu wa gengi hakualikwa pia katika chumba kile, na deni la Sacco bado linakatwa katika karatasi yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi.

Mkutano wa tawi unaokuja tutaomba jambo hili liandikwe katika ajenda kabla ya habari za michango. Kila mwanachama ambaye mtoto wake alilazwa mwaka huu au uliopita alete tarehe, siku ngapi alikosa kazi, alikatwa kiasi gani, na dawa zipi aliambiwa akanunue nje na kwa bei gani. Jina la mtoto halitakiwi, wala jina la hospitali. Karani wa tawi atakuwa na daftari mlangoni kuanzia saa 8 mchana, na asiyejua kuandika ataandikiwa.